Kila Ukungu na Jina Lake

Mheshimiwa Diwani wetu, Ndugu Mkuu wa Maabara ya Vyakula, wageni waalikwa, wafanyabiashara wenzangu wa Kariakoo, na wewe Mama Severa tunayekuaga leo kwa kustaafu: wakubwa zangu shikamooni, na wengine habari za jioni. Mimi ni Chandu, muuza karanga na kunde wa Mtaa wa Swahili. Wenzangu wamenisimamisha hapa kwa sababu, wanasema, hakuna aliyegombana na Mama huyu kunishinda. Ni kweli.

Mnakumbuka biashara ilipofunguliwa kwa watu binafsi? Kila mwenye ghala alijiona tajiri wa kesho, nami nikajaza magunia ya karanga mpaka dirishani. Masika ya mwaka themanini na tisa bonde la Jangwani likajaa maji, na unyevu ukapanda mpaka ghalani kwangu. Tukafanya kama tulivyozoea wote, msinicheke: zenye ukungu mweusi tukatupa, zenye vumbi la kijanikijani tukapangusa kwa kitambaa, tukaanika juani, zikang'aa. Zilikuwa ziende mashineni, zisagwe unga wa uji wa watoto.

Mama Severa, mkaguzi wa maabara, akaja na utepe wake wa gundi. Akaubandika kwenye karanga, akaubandua, akauweka chini ya hadubini, akaniita.

"Haya baba, tazama mwenyewe. Rangi hudanganya, umbo halidanganyi. Ukungu wa mkate umekaa kama pini. Wa chungwa, kama ufagio. Huu wako je?"

Nikaona kichwa cha mviringo kilichozungukwa na shanga. Nikamwambia, "Mama, andika uchafu tu, yaishe."

"Kwenye daftari langu hakiingii kitu kisicho na jina," akanijibu, akaandika jina refu la kitaalamu. "Huu huacha sumu. Haipanguswi hiyo, wala haiishi kwa kukaangwa."

Magunia sitini yakateketezwa. Nilimchukia, jamani. Nilimchukia kweli.

Wiki iliyofuata wakubwa wake wa wakati ule wakapokea barua isiyo na jina: eti Mama Severa anakula rushwa. Akasimamishwa kazi miezi minne. Aliporudi hakuuliza kitu. Aliingia dukani kwangu, akasema, "Habari za kazi, baba," akatoa utepe wake. Leo wajukuu zangu wanakunywa uji wa unga alioupima yeye.

Sasa nimeambiwa nisifu uaminifu wake. Nitausifuje huku nimenyamaza? Mama, miaka tisa barua ile haijaingia kwenye daftari lako, maana haikuwa na jina. Jina lake ni Chandu. Niliiandika kwa mkono wangu, na ilikuwa uongo mtupu. Naomba unisamehe, na usipoweza, ni haki yako.

Ndugu zangu, asanteni kwa kunivumilia mpaka hapa. Nawe Mkuu wa Maabara, nakuomba maneno haya yaandikwe kwenye faili la Mama Severa kabla hajapewa zawadi yake. Niko tayari kutia sahihi.