Placide, Msomaji wa Barua wa Dirisha la Kwanza

Tarehe 30 Juni 1966, baada ya miaka ishirini na minane katika posta ya Uvira, Bwana Placide anastaafu. Wenzetu wamenichagua mimi, Térence wa dirisha la pili, niandike wasifu huu. Huenda walikuwa wananitania.

Alianza mwaka 1938 akipanga mifuko ya barua, baadaye akapewa dirisha. Wasiojua kusoma walimletea barua zao, na wivu wangu ulianzia hapo. Foleni yake ilifika barabarani. Kwangu walikuja wanunuzi wa stempu tu. Nami nasoma vizuri kumshinda, hilo liandikwe. Wakuu wa Kizungu walipoondoka mwaka 1960, aliombwa kuongoza ofisi, akakataa ili abaki dirishani. Mimi sikuombwa.

Alikuwa na desturi moja. Barua ya kifo aliisoma kama ya ugonjwa, kisha jioni akaenda kwa miguu hadi nyumbani kwa mwenyewe kumweleza yote, majirani wakiwapo. Niliuita uongo. Tulibishana miaka mingi: mimi nikisema barua ni mali ya mwenyewe, yeye akisema hata machozi ni ya mwenyewe, asilazimishwe kuyamwaga mbele ya foleni.

Uasi wa 1964 ulifunga posta. Ilipofunguliwa, mifuko ilijaa misiba. Mama Apollinarie wa Mulongwe alileta barua kuhusu mwanawe, siku ambayo Placide alikuwa na homa. Niliisoma neno kwa neno, kwa sauti safi, watu wote wakisikia: kijana ameuawa. Mama alianguka palepale. Nilijiona mtu wa haki.

Barua yake iliyofuata aliipeleka kwa Placide. Nilipomuuliza sababu, alinijibu: “Weye unajuaka kusoma barua. Placide anajuaka muntu mwenye iko anasikiliza.” Neno hilo liliniuma miezi mingi, nikamchukia Placide zaidi.

Mwaka jana ilikuja barua yangu kutoka Luvungi. Ndugu yangu Modeste alikuwa akiniandikia mwenyewe. Hii ilikuwa na mwandiko wa mkewe. Nilitoka nyuma ya dirisha langu, nikasimama kwenye foleni ya dirisha la kwanza, nikampa Placide bahasha ikiwa bado imefungwa. Aliisoma, akaniambia Modeste anaumwa. Jioni alikuja nyumbani kwangu.

Asante, Bwana Placide. Foleni niliyoitamani miaka yote ni yangu kuanzia kesho, na ninaiogopa. Sote tunakuombea mapumziko mema na afya. Nikija kwako kuuliza namna ya kusoma, nifungulie mlango.