Nathanaeli Shekiondo na Fotinaiti Zake

Ndugu waombolezaji, nimeombwa nisome habari za kaka yangu. Nitasema yaliyokuwa, uongo mbele ya jeneza hauna mnunuzi. Nikimaliza, ninayo barua ya kujibu kwa niaba yake.

Marehemu Nathanaeli Shekiondo alizaliwa Bungu tarehe 3 Machi 1922, mtoto wa kwanza wa Mzee Sefania. Mimi Rahabu ndiye kitinda mimba.

Alisoma hadi darasa la nane. Huko mwalimu Mwingereza alimfundisha neno “fotinaiti”, naye hakulitua hadi kufa. Alipenda kulieleza: Waingereza wa kale walihesabu usiku, si mchana, kwa hiyo neno lilitokana na “usiku kumi na nne”, yaani wiki mbili. Lilikuwa na mdogo wake, la usiku saba, lililokufa likabaki vitabuni. Katika hadithi zao za zamani, alisema, bwana husafiri fotinaiti, bibi humngoja dirishani fotinaiti, wala hakuna anayenung'unika. Sisi tunaohesabu kwa magulio alituona washamba.

Alianza ukarani Lushoto mwaka 1943, na Uhuru ulipokuja ulimkuta kwenye meza ileile. Tulipohamishiwa kijiji kipya mwaka 1974, yeye ndiye katibu aliyegawa viwanja. Masika yaliyofuata watu waliyamaliza chini ya migomba.

“Shikamoo, katibu. Kiwanja changu je?”

“Marahaba. Njoo baada ya fotinaiti.”

Nikamwambia, “Kaka, mimi nauza kabichi Mazinde. Kabichi haijui fotinaiti.”

“Ndiyo maana wewe ni wa sokoni,” akanijibu.

Alifunga ndoa na Efrazia tarehe 14 Oktoba 1950. Hapo haraka aliijua: toka posa hadi harusi zilipita Jumapili tatu za matangazo, basi. Mwaka 1953, baba akiwa ameshafariki, posa yangu ililetwa kwake. Desturi yetu barua ikae kidogo, binti asionekane wa bei ya jioni. Kaka aliikalia fotinaiti tano. Timotheo, fundi seremala, alikuja mara ya tano, kofia mkononi, akaambiwa arudi tena. Akateremka Mombo, hakupanda tena. Sikuolewa.

Tarehe 2 Mei mwaka huu wa 1976 miguu yake ilivimba. Mganga wa zahanati alimwambia aende hospitali siku hiyohiyo. “Nipe fotinaiti nimalize mafaili,” akasema. Alifariki alfajiri ya tarehe 11. Usiku tisa tu.

Ameacha mjane, Efrazia. Mabinti wawili, Jenoveva na Secilia. Mimi dada yake. Na barua tuliyoikuta chini ya mto wake. Ni ya kumposa Secilia. Imelala hapo tangu Februari. Aliyeileta, Kristofa, ni yule pale mwenye sepetu. Ndiye aliyechimba kaburi hili tangu jana.

Wazee wamesema jibu lingoje hadi matanga yaishe. Mimi ndiye shangazi. Mama mtu ameridhia. Secilia nimemuuliza mwenyewe asubuhi, “Unamtaka?” Akaitikia. Nikarudia, naye akasema, “Shangazi, hata wewe unaniuliza mara ya pili?”

Kristofa, jibu ni ndiyo. Jumapili hii majina yenu yatatangazwa kanisani.

Kaka naye apumzike kwa amani, na akifika mlangoni kwa Bwana, asiambiwe arudi baada ya fotinaiti.