Chini ya Zulia la Mama Mkwe

Mmekuja wote, vizuri. Kaka yenu asogeze kiti, binti yangu muuguzi aache kunishika mkono akihesabu mapigo kama kondakta anayehesabu abiria, na kitinda mimba azime simu, maana nitakayosema nitayasema mara moja tu, na nikikatizwa nitaanza kuwasimulia ujana wangu ambao mmeshausikia mpaka mkachoka. Shemeji, wewe uliyesimama mlangoni na kofia mkononi kama mtu aliyekuja kusoma mita, ingia ukae. Najua miaka kumi na moja hujavuka kizingiti hiki, ila siku tuliyomzika dada yako, mama wa hawa. Nimekuita mimi mwenyewe. Utajua sababu muda si mrefu, na ukishaijua una ruhusa ya kunicheka, ila ucheke taratibu, kifua changu hakitaki mashindano.

Nianze na gari, kwa kuwa safari ya kumpeleka kitinda ukweni ni Jumamosi na leo ni Alhamisi.

Lile gari nililipata mwaka niliomwoa mama yenu, limechoka, viti vyake vimetoka springi, nami nilikuwa fundi kijana wa kushona viti ambaye hakuogopa kitu. Mama yenu ndiye aliyelipa jina la Mama Mkwe, kwa sababu paa lake ni la chini, na hakuna mtu, awe na cheo gani, aliyewahi kuingia ndani yake bila kuinama. Uzuri wake wote uko ubavuni: ukishusha vioo, hakuna nguzo kati ya mlango na dirisha la nyuma, ni uwazi mmoja, upepo unapita kama nyumbani kwake. Lakini nguzo hiyo ndiyo ambayo magari mengine hufungia mkanda wa begani, kwa hiyo Mama Mkwe hakuwahi kuwa na mkanda. Mkanda ulikuwa mkono wangu. Kila nilipokanyaga breki, mkono huu uliruka wenyewe kumzuia aliyekaa pembeni yangu, na umezuia watoto, tikiti maji, cherehani, na siku moja mwalimu mkuu wa shule yenu, mtu mzima na kitambi chake, ambaye alishuka akanishukuru kwa sauti ya baridi sana. Nanyi mmeurithi ugonjwa huo. Nilimwona kaka yenu akimzuia mtu asiyemjua kwenye lifti iliposimama ghafla.

Mara moja tu mkono ulichelewa. Nilikuwa nampungia mteja ng'ambo ya barabara. Kitinda, alama uliyo nayo kidevuni ni ya siku hiyo, ulikuwa na miaka sita, na hukulia mpaka uliponiona mimi nalia. Tangu siku hiyo niliapa kwamba likipatikana jambo la kumfunga mtu ndani ya gari lile bila kuliharibu ubavu, nitalifanya, hata ikibidi niling'oe benchi la mbele nililolishona kwa mikono yangu.

Basi likapatikana. Kaka yenu, ambaye anafundisha jiografia shuleni na ufundi amejifunzia kwenye simu, alileta viti viwili kutoka kwenye gari jipya lililokufa injini. Nilimuuliza mara tatu kama lilikuwa limegongwa, maana mkanda uliokwisha kumzuia mtu kwenye ajali umemaliza kazi yake hapa duniani. Akaapa halikugongwa. Viti vile vina mkanda ndani yao wenyewe: unatoka juu mgongoni, unapita begani, unafungwa kiunoni, hauhitaji nguzo wala kuomba msaada popote. Nilivipenda, sitaki kuficha. Lakini sikilizeni vizuri hapa. Kwenye kiti cha namna hiyo, uzito wote wa mtu anayerushwa mbele unashuka mgongoni mwa kiti mpaka kwenye miguu yake minne, na miguu hiyo imeshika sakafu. Kama sakafu ni nzima, mtu amepona. Kama sakafu ni mbovu, mtu anaondoka na kiti chake.

Jumapili mlinitoa uani, mkaniketisha kivulini, nikaangalia kaka yenu akikaza bolti, jasho linamtiririka, nyote mkapiga makofi. Nami nilipiga. Lakini nilisikia. Bolti ikiingia kwenye chuma kizima hulalamika, hulia kwi, kwi, mpaka ikome. Zile zilizunguka kimya kama kijiko kwenye chai. Nikanyamaza, maana mlikuwa mnafurahi, na maana nilijua kwa nini.

Muuguzi, nipe maji. Kidogo tu.

Miaka kumi na moja iliyopita nilimpelekea mjomba wenu huyu gari hili gerejini kwake achomelee bomba la moshi. Akalala chini yake. Nikasikia bisibisi inaingia pu! kama kwenye mkate. Akatoka na kutu kwenye nyusi, akasema mbele ya watu, "Shemeji, hii si sakafu, ni kumbukumbu ya sakafu. Siku moja dada yangu atamalizia safari kwa miguu huku amekaa." Gereji nzima ikaangua kicheko. Pembeni yangu alikuwepo mteja mkubwa, naye alicheka mpaka akashika kiuno. Nikamwambia mjomba wenu kwamba yeye kazi yake ni kutoboa magari ya watu ili apate ya kuziba. Nikaondoka, na sikumsemesha tena.

Ninyi mlidhani tuligombana kwa sababu ya urithi. Hapana. Tuligombana kwa sababu alisema kweli na watu wakacheka.

Nilirudi nyumbani nikapasua mkebe wa rangi, nikabandika bati lake juu ya tundu, nikashona zulia. Na zulia lile, wanangu, ndilo kazi bora niliyowahi kufanya: pindo mara mbili, kona hazionekani zilipoanzia, gundi kila mahali. Mama yenu akaniuliza mbona miguu yake inasikia baridi. Nikamwambia ni hewa. Akanitazama, akavaa soksi. Miaka yote iliyombakia aliweka miguu yake juu ya uongo wangu, na hakunisema hata siku moja.

Na Jumapili, mwanangu wa kwanza, uliponiuliza, "Baba, nifunue zulia kwanza?" nilikujibuje? Sema wote wasikie. Nilikujibu, "Usiniharibie kazi yangu, toboa tu." Basi bolti zako zimeshika zulia, mkebe wa rangi na kutu. Kosa si lako. Kiti kile kingeng'oka Jumamosi, na mdogo wako kitinda akiwa amekikalia na tumbo hilo la miezi sita, wangekulaumu wewe mpaka uzeeni, nami ningekuwa nimelala kimya na siri yangu kama mtu mwema. Sitaki kulala hivyo.

Sasa amri zangu. Kitinda, ufunguo wa gari mpe mjomba wako, hapa hapa, nione. Vizuri. Jumamosi nendeni kwa basi. Mkwe wako atangoja. Shemeji, unajua la kufanya: sakafu mpya, mabamba ya chuma juu na chini, bolti zipite katikati. Ukimaliza, funga mnyororo wa winchi mgongoni mwa kila kiti, pale mkanda unapotokea, uvute kuelekea mbele mpaka gari zima liondoke lilipo. Gari likisogea na kiti kikabaki mahali pake, ndipo mwanangu apande. Kiti kikija peke yake, anza upya.

Umesemaje? Rudia, masikio yangu nayo yamestaafu. "Zulia itabidi nilikate, shemeji." Najua. Likate. Anzia mlangoni, usilionee huruma. Na wewe unacheka nini na machozi yote hayo? Ulisema kweli, ndugu yangu. Nisamehe. Haya, imetosha, usiniloweshe shuka.

Gari ni la kitinda. Cherehani ya kushonea ngozi ni ya muuguzi wangu, ambaye ameshashona watu, viti vitamshinda nini. Benchi la mbele ni la kaka yenu. Liweke sebuleni, na usilivike nailoni. Kona ya upande wa abiria utaona mshono umekwenda kombo kama kuku aliyefukuzwa. Huo aliushona mama yenu, wiki ya kwanza ya ndoa, akinionyesha kwamba kazi yangu ni rahisi. Nimelishona benchi lile upya mara tatu, na mshono huo sikuugusa.

Msigombane. Mkigombana, aliyesema kweli asinyimwe chai.

Nimechoka sasa. Sauti inakwenda... Mungu awape barabara ndefu, na breki zinazoshika. Awape watu wa kuwaambia ukweli gerejini, mbele za watu, nanyi awape masikio. Mtoto atakayezaliwa awe na kidevu kisicho na alama.

Kitinda, njoo. Kaa hapa pembeni yangu. Karibu zaidi... Ninyi wengine niinulieni mkono, mwenyewe siwezi tena. Uwekeni mbele yake. Juu kidogo. Hapo. Kama zamani.

Haya. Mwacheni mjomba wenu aende akaanze kazi.