Mtoto wa Nuhu

Basi la mwendokasi lilijikokota kuelekea Jangwani, ambako maji ya Mto Msimbazi yalikuwa yameanza kuingia barabarani. Heriel, mwenye duka la vyombo Kariakoo, alifungua kitabu cha historia alichomnunulia bintiye, akaanza kumsomesha mama wa baibui aliyeketi kando yake, ambaye hakuwa ameomba kusomeshwa.

“Ustaarabu ulizaliwa mabondeni, mama. Nili, Frati, kote mto ulifurika, ukaacha rutuba, watu wakalima, wakajenga miji na nyumba za ibada.”

“Sisi wa bondeni hapa tunaitwa wavamizi,” alisema mama yule, simu ikiwa sikioni. Haikupokelewa. Akapiga tena.

Heriel alikohoa. Akaona afadhali ahamie kwenye dini. “Lakini Mungu hawatupi watu wake. Si hata nyinyi mnaye Nuhu?”

“Tunaye.”

“Basi! Aliokoka na nyumba yake yote, mke, wana na wakwe.”

“Kwenu ndivyo?” Mama alimgeukia kwa mara ya kwanza. “Kwetu mtoto mmoja alikataa kupanda. Baba yake alimwita, yeye akasema atakimbilia mlimani. Wimbi likapita kati yao.”

Heriel, mzaliwa wa Machame, miteremkoni mwa Kilimanjaro, nusura autetee mlima.

“Ismail wangu yuko juu ya bati, analinda godoro na tivii,” mama alisema. “Namwita tangu alfajiri.”

Dereva alisimamisha basi, akazima injini. Hapo ndipo wote walipousikia mto.