Majani Waliyoyachagua Sungura

Mwaka ule wa njaa, vita vya Hitila vikiwa bado vinanguruma, kijiwe chetu cha Changamwe kilikuwa ubao mmoja uliolazwa juu ya madebe mawili ya mafuta ya taa, karibu kabisa na reli. Fondo aliuza kahawa hapo. Ilikuwa kahawa tupu, haina tende wala kashata, vitu ambavyo tulikuwa tumekwisha kuvisahau. Mimi nilishona viatu pembeni, mkono kwenye ngozi na sikio kwao. Wasiokosa walikuwa watatu. Nicanor tulimwita Redio, maana habari za vita alizijua kabla hazijatokea. Kitsao alikuwa Hirizi. Baba yake alikuwa mganga huko Kaloleni, naye alirithi mkoba bila kurithi elimu. Mutua, Mkamba wa bandarini, alikuwa Winchi kwa sababu ya mabega yake. Kisha alikuwako Randu, kibarua wa reli, mtu mpole asiye na jina la utani. Nyumba yake ilielekeana na kijiwe, na mlangoni pake palikuwa na kizimba cha sungura aliopewa na padri mmoja siku alipofunga safari ya kurudi kwao.

Alasiri moja Randu alitujia amemshika sungura kwa masikio. Sungura mwenyewe amekufa, amekauka kama kiatu.

Randu: Wa pili huyu. Jana mzima, leo hivi.

Winchi: Ulimpa nini?

Randu: Kisamvu. Sokoni siku hizi watu wanagombania hata majani makavu ya kabichi. Sungura atapata wapi?

Winchi: Kisamvu si twala sote? Mbona sisi hakituui?

Hirizi: Sisi twakipika. Yeye kala kibichi. Muhogo mchungu una mzimu wake, na mzimu huo hauogopi kitu ila moto.

Fondo: Mpe majani ya viazi vitamu, Randu. Mpe mchicha. Hayo hayana maneno.

Randu: Majani ya viazi wanangu wanayala. Na mchicha ukichomoza leo, kesho umekwisha chunwa na jirani.

Redio aliweka kikombe chini. Akiweka kikombe chini, ujue hotuba inakuja.

Redio: Nyote mwakosea. Sungura hapangiwi chakula. Mnyama kanyimwa shule, akapewa pua. Mtupie majani ya kila namna. Atakaloliacha ni sumu, atakalolila ni salama. Mkono mmoja hauchinji ng'ombe.

Fondo: Methali hiyo imeingiaje hapo?

Redio: Imeingia kwa miguu yake. Wewe mimina kahawa.

Winchi: Na huyu aliyekufa, pua yake ilikuwa na mafua?

Redio: Huyu alilishwa. Hakuchagua.

Hirizi: Hapo kanena kweli. Baba yangu akienda porini alikuwa akiwatazama wanyama kwanza. Kimfaacho mnyama, mtu hakimdhuru.

Hakuna aliyempinga. Neno lilikuwa tamu, na tumbo tupu hupenda neno tamu. Randu akaondoka nalo kwake.

Tangu hapo tukawa tunamwona mkewe, Kafedha, akipita asubuhi na kikapu. Alichuma magugu kando ya reli na kwenye kiwanja kitupu nyuma ya maghala, akarudi, akayatupa kizimbani, akachutama kuwatazama. Sungura walipolila jani, naye alirudi kulichuma hilohilo kwa ajili ya chungu chake. Posho ya kadi ilikuwa imepungua. Uji waliachiwa watoto wao wawili, kiporo alikichukua Randu kazini, na Kafedha mwenyewe alikula mboga, mara nyingi mboga peke yake. Hilo alituambia Randu baadaye. Siku zile sisi tuliona kikapu tu, tukamsifu.

Redio: Shemeji! Walaji wako leo wamesemaje?

Kafedha: Wamelikubali jingine, shemeji. Laini kama mchicha, ila lina harufu kidogo. Wamelimaliza mpaka kijiti.

Redio: Sikuwaambia?

Kafedha: Mkikosa mboga, njooni mniulize mimi na wazee wangu wa kizimbani.

Akacheka, akaingia ndani na kikapu chake. Mwembamba alikuwa, lakini alicheka kama mtu aliyeshiba.

Kesho yake Randu alitoka mbio, shati mkononi.

Randu: Kafedha hanijui! Ananiita kwa jina la kaka yake aliyekufa. Anachuma vitu hewani, anavitia kwenye kikapu, na kikapu hakuna!

Tulikwenda mpaka mlangoni. Alikuwa ameketi sakafuni, ngozi kavu inachoma kama bati la mchana, macho yake yamekuwa meusi yote, mboni zimekula rangi nyingine zote. Midomo ilikuwa imepasuka. Alizungumza na watu tusiowaona, akawakaribisha waketi, akawaomba radhi kwamba hana cha kuwapa. Majirani wanawake walimshika mabega. Sisi wanaume tukarudi kijiweni, kama kwamba kijiwe ndiyo hospitali.

Hirizi: Pepo huyo. Reli hii imepitishwa juu ya makaburi ya wazee. Koma, roho zao, wamekaa kimya miaka yote, sasa wana njaa kama sisi. Wamemkuta anachuma juu ya vichwa vyao.

Redio: Koma gani! Hiyo ni kazi ya Mtaliano. Mahindi haya ya manjano tunayopewa, yametoka wapi? Mmewahi kuona mahindi ya manjano kabla ya vita? Yametiwa dawa ya wazimu.

Winchi: Mahindi hayo twala mtaa mzima. Mimi nasema bandarini. Juzi tumeshusha makasha yamechorwa fuvu la mtu. Moja lilipasuka, likatoa vumbi. Upepo umeleta huku.

Redio: Wewe ndiwe uliyekuwa karibu na vumbi, mbona huna wazimu?

Winchi: Mimi nimezoea. Mzoea punda hapandi farasi.

Hirizi: Haya, na macho yale? Macho yale ni ya mtu anayetazama upande wa pili. Lile pepo limo ndani ya honi ya gari moshi. Kila honi ikilia, pepo humwingia mtu.

Redio: Sikilizeni. Mjapani ana manowari hupita chini ya maji, hufukiza moshi usioonekana. Huwaanza wanawake, kwa sababu wanawake wakipagawa wanaume hawaendi kazini, na meli hazishushwi. Dalili ya mvua ni mawingu!

Ndani ya nyumba Kafedha alipiga ukelele mmoja mrefu. Fondo alisimama.

Fondo: Dresa wa zahanati kaitwa?

Tukatazamana. Kila mmoja alidhani mwenzake kamwita. Fondo aliacha makaa yanawaka, dele la kahawa juu yake, akaenda zahanati kwa miguu, mzee mwenye goti bovu. Winchi alipopata haya akamfuata, akampita, na ndiye aliyerudi na dresa mbele.

Walifika mtu amekwisha nyamaza. Kafedha alilala ubavu, pumzi zinakuja moja moja kama mgeni anayesitasita mlangoni. Dresa alimfunua jicho, akamgusa ulimi.

Dresa: Alikula nini?

Maneno hayo mawili hatukuwa tumeyasema tangu asubuhi. Randu alileta sufuria. Chini palikuwa na mabaki ya mboga. Kikapu nacho kilikuwa kwenye kona, na majani mabichi machache. Dresa alichukua moja, akalisugua kwa vidole, akanusa.

Dresa: Mnanaha.

Niliutazama uso wa Hirizi. Mnanaha aliujua. Nani asiyeujua, wenye ua refu jeupe, tunda la miiba na sumu ya kutia wazimu? Lakini huu ulikuwa mchanga, haujatoa ua wala tunda. Ulikuwa mboga kama mboga nyingine.

Kafedha alifariki kabla ya jua kutua. Watoto walikuwa kwa jirani.

Redio hakukubali. Alimfuata dresa mpaka nje, akamshika mkono.

Redio: Haiwezekani, bwana. Majani hayo sungura wameyala. Wameyala kabla yake! Hebu watazame!

Sungura walikuwa kizimbani, manyoya yanang'aa, midomo inatafuna. Dresa aliwatazama.

Dresa: Mimi najua watu kidogo. Sungura siwajui.

Akaenda zake.

Tulimzika kesho yake. Baada ya mazishi Randu alichukua panga na kuelekea kizimbani, anasema atawakata wote awafukie shimo moja. Winchi alimkamata kiunoni, akamketisha kwenye ubao wetu. Hapo ndipo tulipomwona mwanamke mtu mzima anakuja kando ya reli, miguu imejaa vumbi jekundu, mkoba wa ukindu mgongoni. Alikuwa Kahaso, mamake Kafedha. Habari ya ugonjwa ilimfika Kaloleni, akatembea. Habari ya kifo ilimkuta njiani.

Tulisimama wote.

Fondo: Shikamoo, mayo.

Kahaso: Marahaba, wanangu. Poleni.

Yeye ndiye aliyetupa pole. Randu alijitupa miguuni pake. Mama mkwe alimshika kichwa, akamwacha alie. Kisha akaenda nyumbani, akakaa na wajukuu, akasikia yote kwa majirani. Alasiri alirudi kijiweni. Fondo alimpa kahawa, akaipokea, asiinywe.

Kahaso: Wajukuu wangu wamelala bila kitu jana. Leo ni vivyo hivyo. Nimefunua mtungi, nimefunua debe la unga. Chakula kilichomo katika nyumba ile ni sungura tu. Randu ataka kuwafukia. Mimi nimemwambia chakula hakifukiwi mwaka huu.

Redio: Kweli, mayo.

Kahaso: Naambiwa ninyi ndio mnaowajua sungura hawa. Basi nielezeni. Wamekula jani lile tangu juzi, nao bado wazima. Nyama yao yaliwa, ama sumu imehamia humo?

Redio alikitazama kikombe chake. Winchi alitazama mikono yake. Hirizi, aliyekuwa na jibu la kila kitu kilichotembea na kisichotembea, aliinamisha kichwa mpaka kidevu kikagusa kifua. Mimi niliishika nyundo, sikugonga. Gari moshi la mizigo lilipita, refu.

Kahaso: Hamjui.

Fondo: Hatujui, mayo.

Kahaso: Haya. Ahsanteni kwa kusema hivyo.

Akamrudishia Fondo kikombe, akainuka.

Fondo: Utafanyaje?

Kahaso: Nitachinja mmoja, nipike, nile mimi peke yangu. Watoto watakunywa maji ya ukwaju leo. Nikiamka na akili zangu, watakula. Nisipoamka nazo, mtajua, na Randu awafukie.

Winchi: Mayo, mimi ni mtu mwenye mwili, niache nile mimi...

Kahaso: Wewe una mama?

Winchi: Ninaye. Yuko Kitui.

Kahaso: Basi nyamaza.

Kukicha tulikuwa kijiweni kabla ya Fondo kukoleza makaa. Redio hakuleta habari ya vita. Tuliutazama mlango ule hadi macho yakauma. Ulipofunguka, Kahaso alitoka na ufagio. Alifagia uwanja taratibu, upande hadi upande, akatusalimu kila mmoja kwa jina, hakukosea hata mmoja. Kisha akaweka ufagio, akamwambia Randu alete kisu.

Watoto walikula mlangoni, wanapuliza vidole, wanafyonza mifupa mpaka ikawa myeupe. Randu alipewa kipande. Alikishika mkononi mpaka kikapoa, akakigeuza, kisha akakitia katika bakuli la mdogo.