Dorika Mlowe na Mbu Walioamka

Baada ya miaka thelathini na mmoja ya kazi, Bi Dorika Mlowe anastaafu tarehe 30 Juni 2026. Kituo chetu cha mbu hapa Makambako kinabaki na sisi wazembe. Poleni!

Alizaliwa Mdandu, akaajiriwa mwaka 1995 kama mhudumu, akapanda hadi fundi sanifu mkuu wa maabara. Viluwiluwi vya mbu alivichota mwenyewe kwenye madimbwi ya Ludewa, gauni likiwa limekunjwa hadi magotini. Wageni walimshangaa akibisha hodi kwenye chumba cha mbu na kuwapa kamwene, salamu ya kwao, kabla ya kuingia. Mimi niliacha kucheka siku niliyosikia mvumo wa humo ndani ukinyamaza ghafla, ndipo akaingia.

Kazi yake ilikuwa kupima kama dawa inayopuliziwa kwenye kuta za nyumba bado inaua. Mbu mia hukaa saa moja kwenye mirija yenye karatasi ya dawa, kisha huhamishiwa mirija safi. Kuhesabu ni kesho yake. Dorika hakukubali mbu yeyote aitwe mfu kabla saa ishirini na nne hazijatimia.

Mwaka 2017 mimi, Sudi, nikajifanya mjuaji. Baada ya ile saa moja mbu wote walikuwa chali, nikaandika kwamba dawa inaua, nikapanda gari kupeleka taarifa Njombe. Kesho yake asubuhi, nikiwa mlangoni kwa wakubwa, Dorika akanipigia simu: nirudi na karatasi yangu, wafu wangu arobaini na mmoja wameamka. Lo! Niliwakuta wamening'inia kwenye kuta za mirija, kimya, mikia juu, kama wanaomsubiri mtu. Taarifa ile ingepita, familia za Ludewa zingelala kwa imani ndani ya kuta zisizoua kitu. Kwa sababu yake, dawa ilibadilishwa.

Jana aliweka jaribio lake la mwisho, la hiyo dawa mpya. Wote mia walianguka. Akaenda kusukwa nywele kwa ajili ya sherehe, hesabu akaniachia mimi. Ndiyo maana ratiba hii ya sherehe ya kumuaga imechelewa kuchapishwa: leo asubuhi nimehesabu mara tatu. Tisini na saba wamekufa. Watatu wamesimama, na taarifa nimeiandika hivyo hivyo.

Mama, asante kwa kutulea, ukali wako ukiwemo. Tutakukumbuka mno. Mungu akupe afya, wajukuu na mahindi tele huko Mdandu. Ila chandarua, tafadhali, usikiache.