Aliyetoka Kabla Taa Hazijawaka

Ndugu, jamaa na marafiki, naomba mkae. Nawaomba ninyi, kwa sababu huyu tunayemsindikiza leo nilimwomba akae maisha yangu yote na hakunisikia.

Marehemu dada yetu alizaliwa tarehe 14 Juni 1952, katika vyumba viwili vya nyuma ya kiwanda cha mikate, akiwa mtoto wa kwanza wa baba fundi saa na mama wa nyumbani. Mama alisimulia kwamba mkunga alikuwa bado ananawa mikono, akageuka, akakuta mtoto keshafika. Alianza kutembea mapema kuliko watoto wote wa ua ule, na akishatembea hakurudi kwa kuitwa, alirudishwa. Ndiyo maana sisi wa nyumbani tulimwita Kiguu, yaani kiguu na njia. Wateja wake walimwita Mama Mapazia. Mimi ninayesoma ni mdogo wake, na kwa kuwa nilitumwa kumtafuta kuliko mtu mwingine yeyote, familia imeona ninafaa kumweleza.

Alianza shule ya msingi mwaka 1959. Alichagua dawati la karibu na mlango na hakukubali kuhamishwa. Mwalimu wake wa darasa la nne aliandika kwenye ripoti kwamba mtoto huyu ana akili za kutosha, kilichopungua ni kitako. Baba aliisoma kwa sauti wakati wa chakula, tukacheka wote. Kiguu naye alicheka, ila alikuwa keshasimama. Mama alikuwa akimwambia haraka haraka haina baraka, naye anajibu, "Haina baraka, Mama, lakini inafika."

Mwaka 1962 Baba alitupeleka sinema kwa mara ya kwanza, ile ya karibu na stesheni. Filamu ilikuwa ya mwizi wa vito. Ilipofika mahali mwizi ananing'inia nje ya dirisha la ghorofa ya juu, ameshika ukingo kwa vidole, Kiguu alitafuta viatu vyake gizani kwa vidole vya miguu, akavivaa, akatoka. Baba akamfuata asije akapotea. Mimi nilibebwa kwapani nikilia, na mpaka leo sijui kama yule mwizi alianguka au aliokolewa. Nje, Baba alimwuliza kama ameogopa. Akasema hapana, imempendeza sana, na je, kesho wanaweza kwenda nyingine?

Hivyo ndivyo alivyotazama sinema kwa zaidi ya miaka sitini. Aliingia wa kwanza, alipenda kuliko wote, na alitoka kabla ya mwisho. Tulimwuliza sababu hadi tukachoka. Siku nyingine alisema anakwepa msukumano wa mlangoni, siku nyingine anawahi usafiri. Mara moja tu, tukiwa tunakunja mashuka, alinijibu bila utani. "Nikitoka mapema," alisema, "wale watu bado wako mle ndani wanaendelea na mambo yao. Nyinyi mnaokaa ndio mnaowamaliza." Nilimwambia hayo ni maneno ya mtu asiyejua kukaa. Akasema, "Haya, vuta upande wako, shuka linaburuta."

Mwaka 1970 alihitimu chuo cha ushonaji na kuajiriwa katika karakana ya mapazia, juu ya duka la rangi. Wenzake walitaka cherehani iliyo karibu na dirisha. Yeye aliomba kazi ya kupima. Mpimaji huzunguka mji mzima, tepu shingoni na penseli nyuma ya sikio, akipanda juu ya viti vya watu kupima madirisha yao, na kwa Kiguu hiyo ilikuwa sawa na kulipwa mshahara kwa kutotulia. Kila mtaa aliokwenda kupima ulikuwa na sinema yake, au mtaa wa jirani ulikuwa nayo. Tukazijua zote kwa majina aliyozipa mwenyewe. Kulikuwa na Ya Stesheni, ambako treni ikipita hata majambazi walitetemeka. Kulikuwa na Ya Juu, ghorofani juu ya duka la viatu, yenye ngazi zilizonuka gundi. Kulikuwa na Ya Springi, ambayo ukikaa vibaya kiti kinakuuma. Kulikuwa pia na ile ya nje ya mji ambako watu walitazama wakiwa ndani ya magari yao. Hakuwa na gari. Alikwenda kwa miguu, akasimama kati ya magari mawili, na kusikiliza kupitia dirisha la watu asiowajua, ambao mwishowe walimpa karanga.

Sitaficha kwamba mapazia nayo yaliumia. Kuna siku alipima dirisha la ofisi ya mkuu wa shule wakati filamu ya mchana imekaribia kuanza mtaa wa pili, akaandika upana mahali pa urefu. Pazia likaja pana kama hema na fupi kama kaptula. Mkuu wa shule akalitazama, akasema, "Sasa fundi, hili linaficha nini?" Kiguu akamjibu, "Linakuficha uso, mwalimu. Miguu nayo ina siri gani?" Alilishona upya kwa gharama yake, na mkuu yule akabaki mteja wake hadi alipostaafu.

Alifunga ndoa tarehe 4 Septemba 1976 na shemeji yetu, huyu aliyekaa hapa mbele. Wakati huo Shemeji alikuwa mlinzi wa mlango wa kutokea katika sinema Ya Juu. Kazi yake ilikuwa kukaa kwenye stuli gizani, na filamu ikiisha afungue mlango. Msichana mmoja akawa anamfungulisha kabla ya wakati. Mlango ukifunguka mwanga wa mchana unaingia, skrini inafifia, watu wanapiga mbinja. Siku ya kwanza alimwambia, "Dada, haijaisha."

"Najua."

"Sasa unakwenda wapi?"

"Nje."

Siku zilizofuata alijaribu kumshawishi kwa kumdokezea kwamba sehemu nzuri inakuja. Hakufaulu. Ndipo akamwendea meneja na kumwambia mlango ule unahitaji pazia zito la tabaka mbili, na kwamba anamjua mpimaji. Kiguu akaja na tepu yake. Alipima mlango ule, alivyosema Shemeji mwenyewe, mara nyingi kuliko ulivyohitaji. Likashonwa pazia jekundu lenye nafasi katikati, mtu anaingia kwenye tabaka la kwanza, linajifunga nyuma yake, ndipo anasukuma la pili. Kuanzia hapo aliweza kuondoka bila kumkera mtu yeyote isipokuwa mlinzi.

Alipomposa, Shemeji aliomba jambo moja tu. "Siku moja," alimwambia, "tukae mimi na wewe mpaka taa ziwake." Kiguu akasema siku moja atakaa. Alikuwa mtu wa ahadi, alipanga kweli kukaa. Lakini mazoea yana taabu. Walipokwenda sinema kusherehekea mwaka wao wa kwanza wa ndoa, alitoka akisema ameacha sufuria jikoni, na jiko walikuwa hawajalinunua bado. Alipopata mtoto wa kwanza alitoka akisema mtoto analia, na mtoto alikuwa kwangu, amelala. Kila mara Shemeji alibaki, akatazama hadi mwisho, akarudi nyumbani na kumsimulia. Hapo ndipo ugomvi ulipoanzia.

"Mwishowe mama amemsamehe yule kijana."

"Hawezi. Mama yule hasamehi."

"Nimeona kwa macho yangu."

"Basi umeona vibaya."

Mtacheka, na sisi tulicheka, lakini lilikuwa likimla mtu. Siku moja Shemeji alikuja kwangu peke yake, akakaa, akazungusha kikombe bila kunywa. Akasema, "Shemeji, mtu anayeondoka kwenye kila kitu kabla hakijaisha, mimi nitajuaje kwamba kwangu atakaa?" Na mwaka 1991 Kiguu aliondoka kweli. Walikosana kuhusu jambo ambalo leo hakuna anayelikumbuka vizuri, akahamia kwangu na cherehani yake na binti yake, akaweka tepu juu ya friji yangu. Nilijua wazee wanaandaa kikao cha kuwapatanisha. Kabla kikao hakijakaa, nilirudi kutoka kazini nikakuta friji haina tepu. Hata ugomvi hakuumaliza, aliutoka katikati akarudi kwake. Nilipomwuliza akasema nyumba yangu ina madirisha machache.

Shemeji alifurahi, lakini hakuacha kumtazama miguu. Tangu siku ile, popote walipokwenda kutazama sinema, jicho moja lilikuwa kwenye skrini na jingine kwenye viatu vya mkewe.

Miaka iliyofuata sinema zilianza kufungwa. Ya Springi ikawa ghala la magodoro, jambo ambalo Kiguu alisema limechelewa. Ya Juu ilifungwa mwaka 1998. Meneja alimwambia Shemeji achukue kitu cha ukumbusho, akachukua pazia. Hadi leo linaning'inia kati ya sebule yao na chumba cha kulala, na wageni wengi wamepotelea ndani yake. Kiguu hakuomboleza sana. Alisema mji ni mkubwa, akaanza kwenda mbali zaidi, hadi kwenye majengo mapya ya maduka pembezoni mwa jiji, yenye kumbi nyingi chini ya paa moja. Huko ndiko alikopata raha yake. Anatazama mwanzo wa hii, anahamia katikati ya ile. Kijana wa tiketi alimkamata kwenye ujia. "Mama, tiketi yako ni ya ukumbi wa pili." Akamjibu, "Nimetokea huko huko, mwanangu. Wameanza kupatana."

Mwezi Februari 2023 dada yetu alianza kulalamika tumbo. Vipimo vilionyesha saratani ya kongosho, na ilikuwa imeshakwenda mbali. Binti yake, ambaye ni muuguzi, alitueleza bila kuficha, na tunamshukuru kwa hilo. Wodini Kiguu hakulala kitandani. Alitembea ujia mzima akisukuma chuma cha dripu, akawaambia wauguzi mapazia yao yameshonwa kinyume. Nilimwona akikonda huku anatembea, nikamkasirikia. Nilitaka alale, apate nguvu, abaki. Shemeji hakumkataza. Alitembea nyuma yake ameshika khanga, na usiku alilala kwenye benchi la mbao, miezi yote ile.

Aliporuhusiwa kurudi nyumbani kwa sababu hospitali haikuwa na la kufanya tena, jambo la kwanza alilosema lilikuwa, "Twendeni sinema." Binti yake alikataa, kisha akatafuta kiti cha magurudumu. Tulikwenda onyesho la mchana, tarehe 17 Oktoba. Ukumbi ulikuwa karibu mtupu. Yeye na Shemeji walikaa mstari wa pembeni, mimi nikakaa nyuma yao. Filamu ilikuwa ya kaka na dada wanaogombea nyumba ya wazazi. Ilipokaribia mwisho, muziki ukapungua, nikaona mguu wa dada yangu unatafuta kiatu. Nikasema moyoni, hata leo.

Alivaa kiatu kimoja. Akageuka kumwambia mumewe, akakuta mumewe amelala, kichwa kimemwangukia begani, mdomo wazi kidogo. Lile benchi lilikuwa limedai haki yake. Niliinama mbele nikanong'ona, "Nimwamshe?"

"Mwache."

"Si unataka kutoka?"

"Nitatokaje na kichwa hiki?"

Akakaa. Nilimwona akikaa. Bega lilimuuma, najua, kwa sababu wakati ule kila kitu kilimuuma, lakini hakulisogeza. Filamu iliisha, yakapita majina yale mengi, taa zikawaka. Shemeji akashtuka.

"Imeisha?"

"Imeisha."

"Na wewe upo?"

"Nipo."

Shemeji alimtazama miguuni, kiatu kimoja ndani na kimoja nje, akaanza kulia pale pale kwenye kiti. Kiguu akampangusa kwa mkono wa blauzi yake. Kisha Shemeji akauliza mwisho umekuwaje. Dada yangu akaniangalia mimi kwa jicho kali nisifungue mdomo, akasema, "Nitakwambia nyumbani."

Nyumbani alimwambia kaka na dada waliuza nyumba wakagawana. Kesho yake akamwambia waliichoma moto. Siku iliyofuata ikawa kaka ameolea humo na dada amejenga uani. Shemeji alijua anachezewa, na kila asubuhi aliuliza tena.

Dada yetu alifariki asubuhi ya tarehe 8 Novemba 2023, nyumbani kwake, mumewe akiwa ameingia jikoni kuchemsha maji. Aliporudi alikuta ameshaondoka. Juzi, tulipokuwa tunapanga viti vya msiba, nilimwambia, "Shemeji, mimi niliuona mwisho wa ile filamu. Nikwambie?" Alifikiri kidogo, mkono juu ya lile pazia jekundu. Akasema, "Acha, Shemeji. Bado wako mle ndani."

Marehemu ameacha mume, binti mmoja muuguzi, mwana mmoja fundi umeme, wajukuu watatu ambao wawili wao hawakai chini hata sasa mnavyowaona, na mimi mdogo wake.

Mungu ampumzishe kwa amani. Na kama kupumzika kutamshinda, basi amfungulie mlango, atembee kwa amani.